Katekista na Shimo la Ekiru

Kofia yake ndiyo iliyoonekana kwanza, halafu yeye. Ilikuwa kofia ya kijivu, pana, yenye alama ya jasho kuzunguka utepe, na aliivua mahali pawili tu: kanisani na mbele ya projekta. Kwangu hotelini hakuivua. Nilimwambia mara nyingi kwamba mstaarabu hali mandazi na kofia kichwani, naye akanijibu kwamba mstaarabu hapiki mandazi magumu namna ile. Tulikuwa majirani wa ukuta mmoja wa mabati, kwa hiyo tulikuwa na haki ya kutukanana.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Isiolo ya miaka ya sabini ilijaa watu waliotoka kwingine, na kuchimbana sana hakukuwa adabu. Jina lake pia silitaji. Mjini aliitwa Katekista. Waislamu wa mtaa wa Bulapesa walimwita hivyo, watoto walimwita hivyo, na mke wake, Mungu amrehemu, alimwita Katekista hata walipogombana. Alifundisha dini pale misheni, nyuma ya soko la mifugo, na padri aliposafiri kwenda Merti au Garbatulla, yeye ndiye aliyekaa mbele garini akiwa amepakata projekta, akiifunika kwa kofia vumbi lilipozidi.

Projekta hiyo ndiyo iliyomjulisha kwa watu. Padri wa wakati huo alikuwa mzungu mpole aliyependa vyombo, na alileta kutoka kwao filamu za hadithi za Biblia. Katekista alitundika shuka jeupe, akawasha jenereta, akasimama kando na kipaza sauti akiwaeleza watu kinachoendelea. Alieleza kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu alitia Kiborana au Kiturkana. Shuka lenyewe lilikuwa la kitanda chake. Lilikuwa na kiraka katikati, na kiraka hicho kilizoea kuangukia uso wa mtu muhimu.

Taabu ilikuwa kwamba watu wa huku wanajua mifugo. Jioni moja kule Merti walionyeshwa mchungaji mweupe, kanzu safi, akiwaacha kondoo tisini na tisa nyikani ili amtafute mmoja aliyepotea. Mzee mmoja alisimama katikati ya mwangaza, kivuli chake kikafunika nyika yote.

"Huyu si mchungaji," akasema. "Hawa wengine ameachia nani? Fisi?"

Wenzake wakamuunga mkono, na mahubiri yakageuka mjadala wa fisi mpaka mafuta ya jenereta yakaisha. Mahali pengine mama mmoja aliyetazama Yesu akipigwa misumari aliuliza, kwa huruma kabisa, huyu mzungu amewakosea nini wazungu wenzake. Katekista alirudi kutoka safari hizo akiwa amenuna. Aliketi kwangu, akapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

"Mama Karimi," akaniambia, "shida si hadithi. Shida ni kondoo."

Hapo ndipo alipomwomba padri ile kamera ndogo ya sinema, isiyoshika sauti, ambayo padri alikuwa akiitumia kupiga picha za ndege. Akaanza kutengeneza hadithi za Biblia palepale Isiolo, kwa watu wa Isiolo, waliovaa walivyovaa kila siku. Ya kwanza ilikuwa hiyohiyo ya kondoo, ila kondoo akawa mbuzi, kwa sababu mbuzi ndiye aliyepatikana. Na wale tisini na tisa waliwekewa msichana mwenye fimbo na mbwa. Filamu hiyo ilipoonyeshwa Merti, yule mzee wa fisi alipiga makofi. Mbuzi aliyepatikana alimkojolea mchungaji shingoni, na Katekista hakukata kipande hicho. Sikuwahi kumwona akicheka kwa kitu kingine chochote kama alivyocheka kwa mkojo wa mbuzi yule.

Nilimtania kuhusu yule msichana mwenye fimbo, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa mkali juu ya Maandiko kama yeye. Mwanafunzi wa ubatizo akiruka neno moja katika sala, alianzishwa upya. Msomaji kanisani akisema "na" palipoandikwa "lakini", Katekista alikohoa mpaka mtu huyo akasahihisha. Nikamuuliza huyo msichana na mbwa wake wameandikwa sura gani. Akasema hakuongeza neno, ameongeza mtu tu, na mtu anaruhusiwa. Alikuwa na msemo wake, "Neno halirudi nyuma," na aliutumia kwa kila jambo. Mwigizaji akikosea na kuomba arudie, jibu lilikuwa hilohilo, kwanza kwa sababu ya imani, pili kwa sababu filamu ilikuwa haba. Kilichopigwa kilipigwa.

Lazima niseme pia kwamba hakuwa mtu rahisi kumpenda. Alikemea wajane. Alimnyima ubatizo mzee wa watu aliyekuwa karibu kufa, mpaka mzee huyo alipoweza kutaja sakramenti zote bila kubabaika, na mzee akafa siku mbili baada ya kufaulu. Mke wake alipougua, aliomba usiku na mchana lakini hakujua kumshikia kikombe cha maji. Mimi ndiye niliyemshikia. Nasema haya ili mtu asidhani ninamsifu marehemu kwa mazoea.

Baada ya mbuzi alitaka hadithi kubwa, ya Yusufu na ndugu zake. Alizungumza habari hiyo hotelini kwa muda mrefu, akichora mezani kwa kidole kilicholowa chai: ndugu hapa, shimo hapa, wafanyabiashara wanapita hapa. Maneno hayo yalifika msikitini, kwa sababu hotelini kwangu maneno hayalali. Asubuhi moja akaingia mzee wa msikiti, mtu wa miaka mingi Isiolo, rafiki yake wa kubishana.

"Salaam aleikum, Katekista."

"Aleikum salaam, mzee. Karibu chai."

"Chai nitakunywa. Kwanza iko neno. Nimesikia unataka kuchezesha Nabii Yusuf kwa sinema."

"Ni kweli."

"Yusuf ni nabii yenu na ni nabii yetu. Kwetu nabii hachezwi na mtu. Huyo kijana wako kesho ataanguka kwa mtaro akiwa amelewa, na watoto watasema, ona, Nabii Yusuf amelala kwa mtaro."

Nilidhani Katekista atawaka. Badala yake aligeuza kikombe mara kadhaa kwenye kisahani.

"Basi nabii hatakuwa ndani," akasema.

"Atakuwa nani?"

"Kijana wa hapa tu, na jina lake la nyumbani. Mtoto wa mtu mwenye mifugo, ndugu zake wanamwonea wivu. Hakuna Misri. Iko Isiolo, iko lori ya ng'ombe, iko Nairobi. Yule mwenye Biblia ataijua hadithi. Yule mwenye Kurani ataijua. Lakini nabii hakuchezwa."

Mzee alifikiri, kisha akavuta kiti. "Hiyo ni sawa," akasema. "Hiyo ni hadithi ya watu."

Nilikuwa nimesimama pale na birika mkononi, na niliona ni jambo la heshima kuliko yote niliyowahi kumwona Katekista akifanya. Bado naona hivyo, na ndiyo maana bado linaniuma.

Kijana aliyemchagua aliitwa Ekiru. Alikuwa Mturkana, mrefu, mwenye pengo la jino mbele, mtoto wa pekee wa mama aliyeuza makaa mjini. Kwaya haikumtaka kwa sababu ya sauti yake, lakini mbele ya kamera uso wake ulikuwa na jambo ambalo hata mimi, nisiyejua sinema, niliweza kuliona. Fundi cherehani mmoja alimshonea koti kwa mabaki ya vitambaa vya kila rangi, na Ekiru akakataa kulivua. Alilivaa sokoni, akalivaa kwenye jua kali, akaja nalo kwangu akanywa chai ya bure kwa sababu ya koti lile.

Mama yake hakupenda. Alikuja misheni na gunia tupu la makaa begani, nami nilikuwepo nikigawa chai kwa waigizaji.

"Katekista, mimi nasikia unataka kuweka mtoto yangu kwa shimo."

"Ni mchezo, Mama Ekiru."

"Mtu mzima haingii kwa shimo. Shimo ni ya kuzika."

"Hiyo ni sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili nitamtoa. Atakuwa mkubwa wa serikali, njaa itakuja, yeye ndiye atagawa mahindi, na ndugu zake watapiga foleni mbele yake bila kumjua. Halafu atajulikana, atarudi kwake. Nakuahidi. Nitamtoa."

Mama alimtazama mwanawe, na mwanawe alikuwa akijitazama kwenye kioo cha gari la padri. "Wewe umesema," akamwambia Katekista, akaenda zake.

Walipiga picha wiki mbili hivi. Nyumba ya baba ilikuwa nyumba ya Mama Ekiru mwenyewe, kwa vile mwanga wa asubuhi ulifika mlangoni pake vizuri. Ekiru anatoka mlangoni, mzee anayeigiza baba anamvika koti, anaondoka kwenda kuwatafuta ndugu zake malishoni. Ndugu walikuwa vijana wa sokoni, Waturkana na Waborana na Mmeru mmoja mnene. Wanamwona akija kwa mbali, wanamvua koti, wanamshusha shimoni. Shimo lilikuwa kisima cha zamani kilichokauka, ukingoni mwa laga, ule mto wetu wa mchanga usio na maji karibu mwaka mzima. Walimshusha kwa kamba, na kamera ikamfuata mpaka ukabaki uso wake tu ukitazama juu. Kisha wakapiga kipande cha lori: ndugu wanamuuza, anapanda juu pamoja na ng'ombe, lori linakwenda.

Lori lilikuwa la kweli na dereva alikuwa wa kweli. Alimpenda Ekiru kwa jinsi alivyopanda ubavuni mwa lori bila kuogopa pembe, na kabla ya mwezi kuisha alimchukua awe utingo wake. Kazi ilikuwa nzuri. Mama yake alifurahi. Padri alituma mikanda ya filamu kwa padri mwenzake Ulaya ikasafishwe, na kusafisha huko kulikuwa jambo la miezi. Mikanda ilipokuwa bado njiani, lori lile lilikutwa ng'ambo ya Garbatulla limesimama kando ya barabara, milango wazi, mifugo imechukuliwa. Dereva alikuwa amepigwa risasi. Ekiru hakuonekana, hai wala maiti. Walimtafuta siku nyingi. Hawakupata hata kiatu.

Halafu filamu ikarudi. Mkanda wa lori ulirudi mweupe mtupu, umeingia mwanga. Mkanda wa shimo ulirudi mzuri kuliko filamu zote alizowahi kupiga.

Niliona ni ukatili kuionyesha, na nilimwambia. Lakini Mama Ekiru mwenyewe alitaka. Ilionyeshwa alasiri, katika ukumbi wa misheni, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Watu walijaa. Katekista alivua kofia, akashika kipaza sauti, na kwa kuwa filamu haikuwa na nabii, alitaja jina la nyumbani, alivyomwahidi mzee wa msikiti. "Ndugu zake wakamwona Ekiru akija. Wakamkamata Ekiru, wakamvua koti lake. Wakamtupa Ekiru shimoni." Uso ukabaki pale kwenye shuka, mkubwa, ukitazama juu, kisha mkanda ukaisha na shuka likawa jeupe.

Mama Ekiru alisema bila kupaza sauti. "Wewe ulitoa jina ya nabii. Kama ungeacha jina ya nabii, nabii angeingia kwa shimo, na angetoka, kwa sababu yeye ni nabii. Wewe ukaita mtoto yangu na jina yake. Sasa nani atatoka?"

Katekista aliweka kipaza sauti chini, akashusha blanketi la dirisha la kwanza. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akisoma habari za Yusufu kanisani. Zikifika zamu yake, alimpa mwingine kitabu na kutoka nje.

Alijaribu kurekebisha, na akaharibu zaidi. Alichukua koleo, akaenda peke yake lagani, akalifukia lile shimo ili mama huyo asilione akipita na makaa. Alifanya kwa huruma, na nilishangaa kwamba anayo. Mama Ekiru alipoona udongo mpya alipiga ukelele uliofika sokoni. "Amemfunika! Amemfunika!" Tulimkuta amepiga magoti akichimbua kwa mikono, kucha zinatoka damu. Katekista alichukua koleo akachimba mwenyewe, akalichimbua lote mpaka chini, akalizungushia miiba mbuzi wasianguke. Akalilinda shimo hilo tupu kwa miaka. Miiba ikiliwa na mchwa, aliweka mingine.

Sasa nieleze habari ya kurudisha nyuma. Kila baada ya onyesho, mkanda lazima urudishwe kwenye gurudumu lake la kwanza. Katekista alifanya hivyo kwa mkono, kwa mpini mdogo, taa imezimwa. Mama Ekiru alikuwa akija kila walipoonyesha filamu ile, akakaa sakafuni, akaondoka uso ule ulipofika. Siku moja mpini ulikuwa umevunjika, na Katekista akarudisha mkanda kwa mashine yenyewe, akasahau kuzima taa. Mimi nilikuwa nikikusanya vikombe. Mama Ekiru alikuwa amefika mlangoni, akageuka.

Kwenye shuka, Ekiru alikuwa anapanda kutoka shimoni. Kamba ilimvuta juu kwa ulaini kabisa. Ndugu zake wakampokea, wakamvika koti lake, wakarudi nyuma wakimwacha aende, na yeye akaenda kinyumenyume, mpaka akafika kwa baba, mpaka akafika mlangoni kwa mama yake, akaingia, mlango ukafungwa.

"Simama," Mama Ekiru akasema. "Rudia hiyo."

Katekista alinitazama. Nikatikisa kichwa, kwamba usifanye. Akarudia.

Tangu hapo Mama Ekiru hakutaka kuiona filamu kwa mbele. Alikuja alasiri za siku za kazi, ukumbi ukiwa mtupu, akaketi. Lakini projekta haiwezi kumtoa mtu shimoni kabla haijamwingiza, lazima mkanda uende kwanza mpaka mwisho. Katekista aliusukuma mbele huku ameziba kioo cha projekta kwa kofia yake, ukumbi ukiwa na giza na mashine ikilia tu, mpaka Ekiru alipofika chini. Hapo ndipo alipoiondoa kofia na kugeuza swichi.

Mwanzoni alifanya kimya. Kisha mama akamwambia, "Sema." Mtu aliyekohoa kwa sababu ya "na" badala ya "lakini" alisimama kando ya shuka lake la kiraka, akatafuta maneno ambayo hayakuandikwa popote.

"Ndugu zake wakamtoa Ekiru shimoni," akasema. "Wakamvika koti lake. Akarudi kwa baba yake."

"Kwa mama yake."

"Akarudi kwa mama yake."

Nilimkabili jioni ile, kofia yake ikiwa kichwani na mandazi yangu mbele yake. Nilimwambia kwamba anamdanganya mama wa watu. Kijana amekufa, mji mzima unajua, naye anamchimbua kila mwezi na kumfukia upya chini ya kofia.

"Nilimwahidi sehemu ya pili," akasema.

"Hiyo si sehemu ya pili. Ni ileile ya kwanza, umeigeuza."

"Ndiyo niliyo nayo."

Nilikasirika hata nikamnyang'anya sahani. Nilikuwa nimewazika watoto wawili mimi mwenyewe, na hakuna aliyenigeuzia mkanda.

Mwaka wa themanini na nne ulileta njaa aliyoitabiri kwa ajili ya sinema. Ng'ombe walikufa wamesimama, soko la mifugo likanuka, watu wakashuka kutoka pande za Merti wakiwa mifupa. Serikali ilileta mahindi ya njano, na tukapanga foleni uwanjani kwenye jua. Mama Ekiru alipanga pia, lakini hakuyatazama mahindi. Aliwatazama waliogawa. Alimtazama kila mgawaji usoni, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu aliambiwa kwamba njaa itakapokuja mwanawe ndiye atakayegawa. Katekista alisimama nyuma yake na kumshikia gunia. Siku moja mgawaji alikuwa kijana mrefu, mweusi, mwenye kitambulisho cha serikali shingoni. Mama alimkodolea macho bila kusogea.

"Mama, songa," kijana akasema. "Watu ni wengi."

Alikuwa na meno yake yote. Mama akasogea. Nikageuka nimwone Katekista, nikamkuta amevua kofia pale juani, mahali ambapo hapakuwa kanisa wala projekta, na jasho linamtiririka usoni. Au nasema ni jasho.

Yule padri mpole aliondoka, akaja mwingine, kijana, mtu wa mpango. Mwumini mmoja akampelekea habari kwamba kuna mambo ya ajabu ukumbini siku za kazi. Katekista aliitwa. Alirudi mapema, akaketi kwangu.

"Padri ameniuliza kama ni kweli ninahubiri Maandiko kinyume," akasema.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ndiyo."

"Ungemweleza habari ya mama!"

"Ningeeleza nini? Ni kweli."

Alikuwa hivyo. Alimdanganya mtu mmoja tu duniani, na hakutaka kumwongeza wa pili. Walimwondoa kazini baada ya miaka yote ile. Projekta, kamera na jenereta vilikuwa mali ya misheni, vikabaki misheni. Mkanda wa Ekiru hakuna aliyeutaka. Akaondoka nao mfukoni mwa koti.

Baada ya hapo alihamia mtaa wa Kambi ya Juu, chumba kimoja, nami biashara ikanielemea, tukawa hatuonani sana. Nilisikia macho yamemharibika. Nilisikia Mama Ekiru bado anakwenda kwake. Mwishoni mwa miaka ya themanini, mvua zilipokuwa zimekawia tena, nilifunga mandazi kwenye gazeti, nikajaza chupa ya chai, nikaenda kumtazama mchana.

Mlango ulikuwa wazi. Yeye alikuwa kitandani, ameketi, kofia kichwani, macho yake meupe kabisa yameelekea dirishani. Mama Ekiru alikuwa kwenye benchi karibu na ukuta. Alikuwa amezeeka vibaya. Shanga zilimlegea shingoni, na macho yake pia yalikuwa na ukungu. Hawakunisikia nikiingia. Katekista alikuwa na ule mkanda mapajani, umekunjuka mpaka sakafuni, naye alikuwa akiuvuta taratibu kwa vidole, kutoka mwisho kwenda mwanzo, akisema.

"Kamba imekaza. Wanamvuta. Ndugu yule mnene amejishika ukingoni."

"Mnene alikuwa na nguvu," Mama Ekiru akasema.

"Alikuwa na nguvu."

Niliweka chupa chini na wakanisikia. Katekista akaitambua harufu ya mandazi kabla hajatambua sauti yangu. "Mama Karimi," akasema, "umeleta mawe yako." Kisha akanyoosha mkono uliokuwa na mkanda. "Afadhali umekuja. Vidole vyangu vimekufa ganzi, sijui nimefika wapi. Tazama kwenye mwanga utuambie. Amefika wapi?"

Niliuchukua, nikauinua dirishani. Nilitafuta. Nikauvuta mbele, nikauvuta nyuma, urefu wa mkono na urefu mwingine wa mkono. Vidole na jasho la miaka yote ile vilikuwa vimekwangua kila kitu. Hapakuwa na shimo, hapakuwa na ndugu, hapakuwa na koti. Ulikuwa utepe wa plastiki safi wenye vitundu pembeni, na upande wa pili niliona uwanja wa nje na mbuzi wa jirani.

Wote wawili walikuwa wamegeuza nyuso zao kwangu. Katekista alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Mama Ekiru alikuwa ameacha mdomo wazi kidogo, kama alivyouacha siku ile kwenye foleni ya mahindi. Mimi ndiye niliyekuwa nimesema ukweli katika habari hii tangu mwanzo, na wote walijua hivyo, na nadhani ndiyo maana waliniuliza mimi.

"Ametoka shimoni," nikasema. "Wamemvika koti."

"Halafu?" Mama Ekiru akauliza.

Nikauvuta ule utepe mtupu taratibu, jinsi alivyokuwa akiuvuta Katekista. "Anarudi. Amepita laga. Amempita baba yake. Amefika mlangoni kwako."

Katekista akavua kofia, akaiweka magotini. Na Mama Ekiru, polepole, akishikilia ukuta, akasogea upande mmoja wa benchi, akaacha nafasi ya mtu, uso wake umeelekea mlangoni.